Jua Lote Hili, na Bado Tunataka Taa

 Leo, wasikilizaji wetu wa Nyabiyonza, Karagwe yote na Kyerwa, tunazungumza habari ya taa. Sina maana ya taa ya kusomea wala ya kufukuzia wezi. Ni taa ya kuoteshea mimea ndani ya nyumba.

Tangu simu za kupangusa zienee, vijana wetu wameona mengi. Wameona video za watu wa mbali wanaolima letusi katika chumba kisicho na dirisha, taa za zambarau zinawaka juu, udongo hauonekani, na mwenye shamba kavaa soksi. Kijana aliyetoka chuo cha ufundi cha VETA na cheti chake cha umeme akiona hivyo, mikono inamwasha. Balbu za LED zipo madukani Kayanga na Omurushaka, waya anazo, na pakiti ya mbegu za nyanya haimshindi. Kwa nini asijaribu? Ajaribu. Ila kwanza tukae naye tupige hesabu, maana taa hii ina mahali pake, na huenda si pale anapodhani.

Tuanze na jicho, kwa sababu jicho ndilo linalotudanganya. Simama uani saa sita mchana siku ya jua kali. Mwanga unaokupiga ni kama lux laki moja, na lux ndicho kipimo cha mwanga kwa jinsi macho ya binadamu yanavyouona. Sasa ingia sebuleni, funga mlango, washa balbu. Unaona vizuri, unasoma gazeti, unamtambua mgeni. Lakini hapo ulipokaa lux huenda hazizidi mia moja. Umeingia penye mwanga uliopungua mara elfu moja, na jicho halikukuambia, kwa sababu mboni imepanuka na ubongo umesawazisha mambo. Mche hauna mboni. Ukiuweka kwenye meza ya sebule, kwake huo ni usiku. Utarefuka, utapauka, shina litakuwa kama uzi, na siku ya nane au ya kumi utalala chini. Mama anasema mbegu zilikuwa mbovu. Mbegu zilikuwa nzima; mche ulikuwa unakimbilia mwanga usiokuwepo.

Mmea hauhesabu lux. Unahesabu punje za mwanga zinazoangukia jani, ambazo wanasayansi wanaziita fotoni. Punje hizo ni nyingi mno kuhesabiwa moja moja, kwa hiyo zinahesabiwa kwa mafungu yanayoitwa moli, na fungu dogo la maikromoli, ambalo ni sehemu moja ya milioni ya moli. Jua la saa sita linamwaga kama maikromoli 2,000 kila sekunde katika kila mita ya mraba. Mche wa mboga hauhitaji vyote hivyo. Ukipata maikromoli 200 kila sekunde kwa muda wa kutosha, unakua vizuri.

Hapo kwenye muda wa kutosha ndipo penye siri. Fikiria ndoo iliyowekwa uani wakati wa mvua. Inaweza kujaa kwa mvua kubwa ya dakika ishirini, inaweza pia kujaa kwa manyunyu ya kutwa nzima. Ndoo haijali, inachojua ni kwamba imejaa. Mmea nao unajumlisha mwanga wa siku nzima. Maikromoli 200 kwa saa 16, tuseme tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nne usiku, zinafikia moli kumi na moja na nusu hivi kwa siku. Letusi inataka kati ya 12 na 17, na mche mchanga unaridhika na pungufu ya hapo. Sisi tusiofika hata digrii mbili kusini mwa ikweta, siku ya jua safi, uwanja wazi unapata moli 30, 40, na zaidi. Hata siku ya mawingu mazito, ile siku ya Aprili ambayo kilima cha pili hakionekani, mara nyingi uani kuna mwanga mwingi kuliko chini ya taa ya kijana wetu.

Nimesema saa 16, na nasisitiza zisiwe 24. Wapo wanaodhani taa ikiwaka kucha mmea utakua maradufu. Nyanya haitaki hivyo kabisa. Ikimulikwa mfululizo bila usiku, majani yanageuka manjano na yanaumia.

Na ile rangi ya zambarau? Inatokana na kuchanganya taa nyekundu na taa za bluu. Kijani kibichi cha jani, yaani klorofili, hunyonya zaidi mwanga mwekundu na wa bluu, kwa hiyo watengenezaji wakasema tusipoteze umeme kwenye rangi nyingine. Hoja hiyo ina ukweli, lakini imetiwa chumvi. Mwaka 1972 mtafiti aitwaye McCree alichapisha vipimo vya majani ya mazao mbalimbali, akaonyesha kwamba hata mwanga wa kijani unatumika, tena si kidogo. Balbu nyeupe ya LED ya dukani ina rangi zote hizo. Ndani yake kuna LED ya bluu iliyopakwa unga wa manjano unaogeuza sehemu ya bluu kuwa rangi nyingine, na mchanganyiko wake jicho linauona mweupe. Hiyo LED ya bluu iliwasumbua mafundi wa dunia kwa miongo mitatu. Nyekundu ilikuwepo tangu 1962, lakini bluu angavu ilipatikana miaka ya 1990 mwanzoni, na wanasayansi watatu wazaliwa wa Japani, Akasaki, Amano na Nakamura, wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa kazi hiyo. Kwa hiyo usihangaike kutafuta taa ya zambarau. Inachosha macho, na ukiwa chini yake huwezi hata kuona kama jani limepata ugonjwa.

Sasa tuijenge. Chukua kishubaka cha mbao chenye urefu wa sentimita 60 na upana wa 30, sehemu inayotosha trei moja ya miche. Juu yake funga holda tatu za balbu kwenye ubao mmoja unaoweza kupanda na kushuka kwa kamba. Weka balbu za LED za wati 9: mbili za mwanga mweupe, ile ambayo boksi limeandikwa 6500K, na moja ya mwanga wa manjano, 3000K au chini ya hapo, ambayo ina wekundu mwingi zaidi. Balbu moja ya namna hiyo inatoa maikromoli 12 au 13 kwa sekunde. Tatu zikimwagia eneo hilo dogo, na pande za kishubaka ukizipaka chokaa nyeupe au kuzivika karatasi ya aluminiamu ili mwanga usitoroke, unakaribia zile 200 tulizozitaja. Balbu zikae sentimita 15 hadi 20 juu ya majani, na ubao upandishwe kadiri miche inavyopanda. Ukiziacha juu darini umemulika sakafu.

Hapa nina onyo. Katika video nyingi utaona mtu anang'oa kile kikombe cheupe cha plastiki kinachofunika balbu, ili mwanga utoke wote. Mwanga unaongezeka kweli. Lakini kwenye balbu nyingi za bei nafuu, kile kibao chenye vidoti vya manjano kina umeme wa njia kuu, volti 230, bila kitu chochote kati yake na kidole chako. Na wewe uko pale na kopo la kumwagilia maji. Kiache kikombe mahali pake.

Anayeogopa umeme mkubwa atumie volti 12 za betri ya sola, na zile taa za ukanda zinazouzwa kwa mita, wanazopamba nazo baa na bodaboda. Zitazame kwa karibu. Ukanda umegawanyika vipande vipande, kila kipande kina LED tatu, na pembeni yake kuna kidude cheusi kidogo kuliko punje ya mtama. Hiyo ni rezista, na mara nyingi imeandikwa tarakimu tatu. Ikisomeka 151 maana yake ni 15 ikifuatwa na sifuri moja, yaani ohm 150. Kazi yake ni kuzuia mkondo usiwe mkubwa kuliko LED inavyostahimili. LED nyeupe moja inahitaji volti tatu na ushei. Tatu zikipangwa mfululizo zinataka kama 9.6. Volti zinazobaki hubebwa na rezista.

Mafundi wengi hupiga hesabu kwa volti 12 halafu wakalala. Lakini betri ya sola ikiwa inachajiwa adhuhuri hupanda mpaka volti 14.4. Toa 9.6, zinabaki 4.8. Gawanya kwa ohm 150, unapata miliampea 32, na LED nyingi ndogo hazitakiwi kuzidi 20. Haziungui siku hiyohiyo. Zinafifia polepole, na baada ya miezi michache fundi analaumiwa kwamba kauza taa feki. Ukiunganisha LED zako mwenyewe, weka rezista ya ohm 270, utalala usingizi. Na ukanda wowote ubandike kwenye kipande cha aluminiamu au bati, maana joto la LED hutokea mgongoni, na likikosa pa kwenda linaiua.

Nikiwa hapo kwenye joto, mwenye kulea vifaranga asinisikilize vibaya. Balbu ya zamani ya nyuzi ilifaa sana bandani kwa sababu karibu umeme wote iliugeuza joto, mwanga ulikuwa kidogo tu. Ukiibadilisha kwa LED, vifaranga watajikunyata na kufa kwa baridi huku banda likimeremeta.

Tuje kwenye LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla. Balbu tatu za wati 9 ni wati 27. Kwa saa 16 ni karibu nusu uniti kwa siku, na kwa mwezi uniti 13. Mteja mdogo wa TANESCO aliye kwenye kundi la bei la D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, mradi asivuke uniti 75 kwa mwezi. Akivuka, zile za ziada ni shilingi 350. Kwa trei moja basi ni kama shilingi elfu moja na mia tatu, ambayo haimuumi mtu. Lakini anayeota kulima mita nzima ya mraba kwa balbu hizohizo anahitaji kama wati 150. Hizo ni uniti kama 72 kwa mwezi, bado pasi, bado televisheni, bado simu za jirani. Atavuka 75, na atakuwa anakula mchicha wa bei ya kuku.

Na wa sola? Hapa ndipo ninapocheka kidogo. Paneli nzuri inageuza kama asilimia 20 ya jua kuwa umeme. Betri inakula sehemu yake. LED nzuri inarudisha kama nusu ya umeme kuwa mwanga. Mwisho wa safari, chini ya sehemu moja ya kumi ya jua ulilolikamata juu ya paa ndiyo inayofika kwenye jani. Umepanda juu ya nyumba, umenunua paneli, kontrola, betri na waya, ili ulishushe jua chumbani likiwa limenyofolewa tisa katika kumi. Ukitaka kulima ndani Nyabiyonza, toa bati moja la paa la banda, weka lile bati la plastiki linalopitisha mwanga. Halihitaji betri, na haliulizi uniti.

Je, taa ya mimea basi haituhusu? Inatuhusu, tena kuliko tunavyofahamu, na ushahidi uko kwenye kibanja, shamba letu la migomba.

Wengi wenu mna mgomba unaoitwa fia. Shina nene, mkungu mzito, na malumbano yasiyokwisha kama ladha yake inafika ile ya nchoncho, ndizi yetu ya asili. Jina hilo limetokana na herufi FHIA, taasisi ya utafiti wa kilimo ya nchi ya Honduras, huko Amerika ya Kati, ilikozalishwa. Wengine mna Yangambi km 5, iliyobeba jina la kituo cha utafiti cha Kongo. Migomba hiyo ilitufikiaje? Kuanzia mwaka 1997 palikuwa na mradi wa maendeleo wa mkoa wetu wa Kagera, KCDP, uliofadhiliwa na Ubelgiji. Migomba yetu ya asili ilikuwa inaelemewa na fukusi, na minyoo fundo, na ugonjwa wa sigatoka, na ardhi iliyochoka. Mradi ukaleta aina mpya kwa njia ya miche ya maabara kutoka Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, ikazidishwa mashambani hapa Kagera, na katika miaka michache iliyofuata machipukizi yapatayo milioni 2.5 yakasambazwa kwa wakulima.

Leuven kuna hazina ya migomba ya dunia nzima. Ilianzishwa 1985, na sasa ina zaidi ya aina 1,500, kila moja ikiwa miche midogo ndani ya mirija ya kioo, katika vyumba vya ubaridi wa nyuzi 16 ili ikue polepole. Vyumba hivyo vinamulikwa kwa taa. Fia iliyo nyuma ya jiko lako, babu yake alianza maisha ndani ya kioo, chini ya taa, katika nchi ambayo mwezi wa Desemba jua linazama saa kumi na nusu jioni. Alipofika Kagera, jua la kweli lilikuwa kwake jambo geni.

Na alihitaji kulizoea. Kazi ya maabara huanza kwa kukata ncha ya chipukizi, ile sehemu changa kabisa ya moyoni, kuisafisha kwa dawa, na kuiweka kwenye chakula kinachofanana na uji ulioganda, chenye sukari na homoni. Kila baada ya wiki chache hugawanywa tena. Taa huwaka saa 16. Lakini mwanga wa humo ni hafifu, mara nyingi chini ya maikromoli 70, kwa sababu mche unalishwa sukari, haujipikii. Mche huo ukiutoa moja kwa moja juani unababuka mchana mmoja. Ndiyo maana hukaa kitaluni wiki kadhaa chini ya kivuli na unyevu, kivuli kikipunguzwa kidogo kidogo. Wakulima waliopewa miche ya maabara wakaipanda siku hiyohiyo wanalijua hilo kwa hasara.

Haja ya miche safi haijapungua. Ugonjwa wa migomba uitwao mnyauko bakteria ulithibitishwa hapa Kagera mwaka 2006, ukitokea Uganda, ambako uligundulika 2001. Unakata mkungu, ndani ndizi zimeoza na kubadilika rangi. Ukikata shina, unatoka usaha wa manjano. Chipukizi la jirani unalolichukua kwa wema linaweza kuwa limeubeba. Mche wa maabara unakuja bila ugonjwa, ingawa ukishauingiza shambani hauna kinga. Panga chafu litauambukiza kama mgomba mwingine wowote. Utafiti wa migomba katika kanda yetu uko TARI Maruku, Bukoba. Ng'ambo ya mpaka Waganda wana Kawanda, na Wakenya wana maabara ya chuo cha Jomo Kenyatta pale Juja.

Maabara za namna hiyo umeme ni mzigo wao mkubwa: taa, na viyoyozi vya kuondoa joto la taa. Mwaka 2004 shirika la kimataifa la nishati ya atomiki, IAEA, lilitoa kitabu kuhusu njia za kupunguza gharama, na ushauri mmojawapo ni kuacha jua liingie kwa madirisha na mapaa angavu badala ya kutegemea taa tupu. Wacuba walikwisha kufanya hivyo katika viwanda vyao vya miche. Kwa hiyo hata huko kwenye mahali pake halali, taa inashindana na dirisha. Lakini pale inapobidi kuwaka, tofauti kati ya tubu za zamani zenye zebaki na LED ni fedha halisi, na hapo kijana wetu wa VETA anayejua kupanga LED, kupima mkondo na kuondoa joto ana kazi ya kuajiriwa. Hilo ndilo shamba lake. Akijaribu kazi ya maabara jikoni kwa mama, atafuga ukungu tu, maana uji ule wenye sukari unapendwa na ukungu kuliko unavyopendwa na mgomba.

Walio mbali kaskazini, kama ndugu zetu wa Sweden na Norway, nao wasijione wamesahauliwa. Ninyi hesabu zenu ni nyingine. Stockholm mwezi wa Desemba mchana ni saa sita, na jua lenyewe linatambaa chini. Mchicha wa dirishani hautastawi, hata dirisha lielekee kusini. Kile kishubaka cha balbu tatu kijengeni, tena mkiweke karibu na meza ya chakula, kitawapa na mwanga wa kuamsha roho.

Nimalizie na walimu wa baiolojia na fizikia, kwa sababu taa hii inafaa darasani kuliko popote. Chukueni trei tatu za mchicha, udongo mmoja, mbegu za pakiti moja. Moja ikae nje penye kivuli chepesi, moja dirishani, moja chini ya balbu tatu. Wiki tatu baadaye kateni, pimeni kwa mizani ya duka, na kwa ile ya taa, gharama ya uniti za LUKU ilizokula igawanyeni kwa gramu zake, mjue gramu moja ya mchicha imewagharimu shilingi ngapi. Trei ya nje ikipigwa na mvua ya mawe, au mbuzi wa jirani akapita, andikeni hivyohivyo kwenye daftari. Majibu yaleteni hapa studio tuyasome hewani.